Kutoka Kibanjani Hadi Mlimani

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mmewahi kuishika mkononi picha ya mahali ninapotaka kuwapeleka leo, labda bila kujua. Ile noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010, ambayo sasa haitumiki tena, ilikuwa na picha ya jumba kubwa upande wa nyuma. Jumba hilo ni Ukumbi wa Nkrumah katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mahali penyewe watu hupaita Mlimani. Mimi nilikaa huko miaka mitatu, tangu 1993 hata 1996, nikisoma sosholojia, yaani elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja: ukoo, kijiji, kazi, mali, ndoa na mengine ya namna hiyo.

Nataka kuwasimulia safari hiyo. Si kwa kujisifu, maana mtaona kwamba sehemu kubwa ya habari hii hainipi sifa yo yote. Naiandika kwa ajili ya wazazi ambao mtoto wao amechaguliwa kwenda chuoni, na kwa ajili ya kijana mwenyewe anayefunga sanduku lake.

NAULI ILITOKA WAPI

Kwetu ni kijiji kimoja cha Bukoba. Mwaka 1992 serikali ilikuwa imeanza mpango wa kuchangia gharama za elimu ya juu, na moja ya mizigo ya kwanza kuwekwa juu ya jamaa za wanafunzi ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi. Basi, baba alifanya kama walivyofanya wengi: aliuza kahawa ikali maua mtini. Sisi Wahaya jambo hilo twaliita butura. Mwenye fedha hukupa kidogo leo, naye atavuna nyingi kesho. Watu wa serikali wamelikataza mara nyingi, lakini mwenye shida hangoji mavuno.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kahawa ile haikutoka katika kibanja cha baba. Ilitoka katika kibanja cha kaka yangu, aliyefariki mwanzoni mwa mwaka ule wa 1993, akaacha mke na binti wawili wadogo. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo waliketi wakasema: marehemu hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo kibanja ni cha mdogo wake, huyu anayekwenda kusoma. Mjane na akae, alime, mpaka hapo itakapoonekana vingine. Mimi nilikuwapo. Niliinamisha kichwa, nikawashukuru wazee. Shemeji hakuulizwa neno.

Siku ya kuondoka, yeye ndiye aliyenibebea sanduku kichwani hata barabarani. Akanipa mayai ya kuchemsha na kifuko cha senene waliokaushwa, akaniambia, “Shemeji, kasome vema.” Mimi nikapanda gari.

SAFARI YA SIKU NNE

Meli iliondoka Bukoba jioni. Chini kulijaa mikungu ya ndizi hata hapakuwa na mahali pa kuweka mguu, na sisi wa daraja la tatu tulikaa kati ya mikungu hiyo. Kulipopambazuka tuliona mawe makubwa ya Mwanza, yamepandana kana kwamba mtu aliyapanga kwa mkono. Hapo nikapanda gari la moshi. Kutoka Mwanza hata Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 1,200, nami nilikuwa sijapata kuivuka hata Mwanza.

Ndugu msomaji, ukitaka kuijua nchi yako, safiri kwa gari la moshi mchana. Niliona Usukuma, nchi tambarare yenye ng’ombe wengi na migomba hakuna. Nikajiuliza: watu hawa wanakula nini? Tabora walituuzia asali. Saranda walikuja na kuku wa kuchoma, wakawainua hata madirishani. Ugogoni nikaona mibuyu na vumbi jekundu. Kisha milima ya Uluguru ikatokea karibu na Morogoro, nikafurahi kuona tena majani mabichi kama ya kwetu. Kila stesheni watu walisema Kiswahili kwa sauti nyingine. Nilipofika Dar es Salaam, kabla sijaingia darasani, nilikuwa nimekwisha pata somo la kwanza: desturi za kwetu si desturi za dunia nzima.

MLIMANI PENYEWE

Chuo kiko upande wa magharibi, yapata kilomita 13 kutoka katikati ya mji. Kilianza mwaka 1961, kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi 13 tu wa sheria katika nyumba ya TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Kina sifa ya mabishano tangu zamani. Mwalimu Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha hapo, na kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, wakati alipokuwa akifanya kazi Mlimani. Nilipofika mimi miaka 20 ilikuwa imepita, lakini wanafunzi walikuwa bado wakibishana juu yake kwenye foleni ya chakula.

Chumbani tulikuwa watu wa mahali mbalimbali. Mmoja alitoka Songea, mwingine Pemba. Jioni ya kwanza tulichekana kwa vyakula. Yule wa Pemba alipoonja senene wangu, alitema; siku ya tatu alikuja kuomba tena. Mambo madogo kama hayo yalinifunza kuliko nilivyodhani.

SOMO LA KAHAWA

Katika mwaka wa kwanza kila mwanafunzi alisoma masomo ya maendeleo, awe wa sheria, wa uhandisi au wa elimu ya jamii. Huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza kilichompata baba yangu.

Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba watu wa kwetu wamekuwa maskini kwa sababu ya uvivu na lubisi. Niliona kahawa imeachwa magugu, nikasema, wazee hawa hawajali. Kumbe, Julai 1989, mapatano ya nchi zinazouza na zinazonunua kahawa, yaliyokuwa yakipanga kiasi cha kuuza ili bei isianguke, yalivunjika. Kila nchi ikamwaga kahawa yake sokoni, na bei ikaanguka vibaya sana. Mzee aliyepalilia sana na mzee aliyelala walianguka pamoja. Na mwaka 1994, baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil, bei ikapanda tena, wala si kwa sababu watu wa Bukoba wamepata bidii ghafula.

Nawaambia kweli, usiku ule sikulala. Niliona haya kwa jinsi nilivyokuwa nikimtazama baba. Hili lilikuwa jambo jema, nami nashukuru. Lakini jambo jema nalo linaweza kumlewesha mtu. Niliporudi likizo mwaka 1994 nilikuwa nimejaa maneno: ubepari, matabaka, unyonyaji. Niliwahutubia wazee kilabuni. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Huyo mnyonyaji unayemsema, anakaa Ulaya tu, au ana jamaa zake huku?” Watu wakacheka. Nikadhani anafanya mzaha.

Kesho yake shemeji aliniletea ndizi za kupika, mkungu mzuri kutoka kibanja kile. Nilikula. Nilikuwa nimejifunza kumwona mtu anayekula jasho la baba yangu kutoka mbali, ng’ambo ya bahari. Jasho nililokuwa nikilila mimi, lililokuwa umbali wa migomba kumi tu, sikuliona.

BIBI WA KISARAWE

Mwaka 1995 walimu walitupeleka vijijini kujifunza utafiti. Mimi nilipangiwa Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani. Ni mwendo mfupi kutoka Dar es Salaam; unapita Pugu, pale ambapo Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952, alifundisha mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 ili atumikie siasa. Huko ni nchi ya minazi, mikorosho na mihogo. Mwalimu wetu mmoja alituonya, “Msiende kuwafundisha watu. Nendeni mkafundishwe.” Tulicheka, tukachukua karatasi zetu za maswali.

Katika nyumba ya nne nilimkuta bibi mmoja akimenya mihogo. Nikamwamkia, “Shikamoo, bibi.” “Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kitako.” Nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, nikaanza.

“Bibi, mkuu wa kaya hii ni nani?”

“Mume wangu.”

“Yuko wapi?”

“Pale,” akanyosha kisu kuelekea makaburini.

Nikachanganyikiwa. Karatasi yangu haikuwa na nafasi ya mkuu wa kaya aliyekufa. Nikamwuliza shamba ni la nani, nani anayelima, nani anayeuza korosho, nani anayeshika fedha. Alijibu yote polepole, nami nikaandika. Nilipofunga daftari alisema, “Umemaliza yako? Sasa na mimi nina langu moja. Huko kwenu, mume akifa, mkewe analala wapi?”

Nikamjibu kwa majivuno kidogo, kama mtu anayejua mila zake. Nikasema, “Kwetu ukoo ndio unaomtunza.”

“Ukoo,” akasema. “Huyo ukoo ana jina? Akiugua usiku, mjane anamgongea nani mlango?”

Wasomaji wapenzi, sikuwa na jibu. Ama niseme kweli: nilikuwa nalo, nikaogopa kulitoa. Ukoo ule ulikuwa na jina. Jina lenyewe lilikuwa langu mimi. Miaka miwili nilikuwa nikisoma vitabu juu ya “jamii” kana kwamba jamii ni watu wengine, nami nimesimama juu ya kichuguu nawatazama. Bibi huyu ambaye hakuwahi kwenda shule alinishusha kwa neno moja. Nilimsaidia kumenya mihogo iliyobaki, maana sikujua jambo jingine la kufanya.

HUKUMU YA MWANZA

Niliporudi Mlimani nilikwenda maktaba kutafuta sheria inasema nini. Nikakuta kwamba mwaka 1963 serikali iliandika kanuni za mila za urithi. Kwa kanuni hizo mwanamke aliweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake, lakini si kuliuza. Na mjane hakuwa na fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atunzwe na watoto wake, basi.

Nikakuta na jambo jingine, tena la kwetu. Mwanamke mmoja Mhaya, Holaria Pastory, alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki, akisema mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye. Mama huyu akakata rufani akashinda, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema wazi kwamba mwanamke ana haki ileile aliyo nayo mwanamume, kwa kuwa Katiba yetu imekataza ubaguzi.

Niliisoma hukumu hiyo mara tatu. Hata hivyo sikufanya lo lote. Nilijiambia, nitamaliza kwanza masomo, nitapata kazi, kisha nitalitengeneza jambo la shemeji. Elimu ilikuwa imeingia kichwani. Miguuni ilikuwa haijafika.

MEI 1996

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka kwetu, ilizama karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Sisi wanafunzi kutoka Kagera tulikaa kimya kuzunguka redio. Wengine walikuwa na ndugu humo. Mimi nilikuwa nimepita maji yaleyale mara nyingi, nimekaa juu ya mikungu, na siku ile ingeweza kuwa yangu. Kama ingekuwa yangu, wazee wangeketi tena na kumtafuta mwanamume mwingine wa kupewa kibanja kile, na shemeji angeendelea kungoja “mpaka itakapoonekana vingine”.

Nilipomaliza mtihani wa mwisho nilikwenda nyumbani kwa MV Victoria. Tulipokuwa tukitoka Mwanza, abiria wote walinyamaza, na akina mama wakatupa maua majini.

KIKAO

Nilimwomba baba awaite wazee wa ukoo. Walidhani nataka kutangaza posa. Nikasimama, nikasema kwamba kibanja nilichopewa mwaka 1993 nakirudisha kwa shemeji na binti zake, kiwe chao kabisa, nami nataka iandikwe.

Baba mdogo mmoja alikasirika. “Ulikwenda kusomea kuuvunja ukoo?” Mwingine akasema, “Akiolewa kwingine je? Kibanja kitakwenda na mgeni?” Hayo hayakuwa maneno ya kijinga, mzee anayeogopa ardhi ya babu zake kupotea ana sababu zake. Nami sikuwajibu kwa vitabu. Nilisema tu, “Nauli yangu ilitoka pale. Watoto wa kaka hawana viatu, nami nina shahada.”

Kimya kikawa kirefu. Ndipo baba aliposema, “Tulimpeleka akaone. Sasa ameona. Tumfumbe macho?”

Karatasi ikaandikwa, mwenyekiti wa kijiji akatia sahihi na mashahidi wawili. Shemeji akaitwa ndani, akasomewa. Nilitazamia atalia au atashukuru. Hakufanya hivyo. Alisema, “Nimesikia. Na kahawa ya misimu mitatu?”

Wazee wengine waliguna, lakini alisema haki. Nilihesabu naye pale pale, mbele ya watu. Nilimlipa kidogo kidogo kwa mshahara wangu wa kazi ya maendeleo ya jamii, nikamaliza baada ya miaka miwili. Siku nilipomaliza ndipo aliponipikia tena ndizi, na siku ile nilikula bila deni.

KWENU WAZAZI NA VIJANA

Miaka mingi imepita sasa. Shemeji ni bibi kizee, na binti yake mkubwa ndiye anayekisimamia kibanja. Amekwisha ng’oa mibuni ya zamani na kupanda mipya. Sheria nayo imesogea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inabatilisha desturi yo yote inayomnyima mwanamke haki ya kupata na kuitumia ardhi. Lakini habari ya urithi haijatulia: mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliiambia serikali yetu kwamba wajane wawili waliofukuzwa majumbani mwao walinyimwa haki zao, na kwamba kanuni za namna hiyo zibadilishwe. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usingoje Mwanza wala Dar es Salaam. Katika ukoo wako mna mjane. Unamjua jina.

Wazazi, mtoto wenu akichaguliwa kusoma elimu ya jamii, msimcheke mkisema atakula nini. Akirudi likizo na maneno makubwa, mvumilieni, lakini mwulizeni swali kama lile la baba yangu. Mruhusuni pia aulize maswali yake, hata yakiwakera.

Na wewe kijana, utafika Mlimani, au chuo kingine, maana siku hizi viko vingi. Utafundishwa kuuliza maswali mazuri juu ya watu. Yaulize. Lakini usiku wa kwanza, kabla hujafungua daftari, uliza hili: nauli yangu ilitoka kibanja cha nani, na sanduku langu lilibebwa na nani? Ukipata jibu, liandike katika ukurasa wa kwanza. Safari njema.